Neno Ambalo Kamusi Hakulijua

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, nyumbani, hata kwa kinyozi, aliitwa Kamusi. Alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia, akipokea mashuka machafu ya hospitali na hoteli na kuyatenga, ya damu huku, ya mafuta kule. Mfuko wa koti lake la kazi haukukosa kitabu cha maneno ya Kiingereza, kilichovimba kwa mvuke kama mkate uliotoswa kwenye chai.

Kazi hiyo alitafutiwa na dada mkubwa wa mkewe, kiongozi wa chumba cha pasi. Wote walimwita Mama Pasi. Alikuwa amesimama kwenye joto lile miaka kumi na tisa, na shuka likitoka mikononi mwake ungedhani limekatwa kwa rula. Kiingereza hakujua zaidi ya salamu, lakini alijivunia cha shemeji yake kana kwamba amekizaa yeye.

Saa ya chai wenzake walipenda kumchokoza.

"Kamusi, leo umetuletea nini?"

Kipindi hicho alikuwa amezama kwenye maneno ya kutengeneza mambo yawe mazuri zaidi. Aliyapenda kuliko yote.

"Sikilizeni. 'Improve' ni kuboresha. 'Upgrade', unatoka daraja la chini unapanda la juu. 'Polish' ni kung'arisha, na si viatu tu, hata barua inapigwa polish. 'Touch up', unagusagusa kidogo pale rangi ilipobanduka. Na mtu akikwambia kazi yako ina 'room for improvement', usidhani amekupa chumba. Amekwambia kwa adabu kwamba umeboronga."

Wakaangua kicheko. Mama Pasi akashusha kikombe. "Maneno yote hayo ya kutengeneza! Basi vitu vyao vinaharibika sana."

Mwaka huo akaja meneja mpya, mtu aliyekulia ughaibuni, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Alikuwa na waraka wa kurasa mbili ambao wafanyakazi wote walitakiwa kuusikiliza na kuukubali kwa sahihi. Akauliza nani angeweza kuufasiri. Vidole vyote vikaelekea upande mmoja.

Kamusi akaitwa ofisini, akapewa kiti na saa nzima ya kuusoma. Meneja akamwambia Kiingereza chake ni kizuri sana. Katika maisha yake hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumwambia hivyo, na sifa ile ikampanda kichwani. Akasoma. Enhance, improve, upgrade, yote yalikuwamo, akawa kama mtu aliyekuta ndugu zake ugenini. Alipofika aya ya nne akakwama. Palikuwa na 'streamline', na mbele yake neno la wafanyakazi.

Hakulijua. Akatoa kitabu chake chini ya meza, kwa siri, kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Kitabu kikasema ni kukipa chombo umbo laini la kupenya hewani au majini bila kukwama. Akakuna kichwa. Mfanyakazi anapewaje umbo la kupenya majini? Alijua hapo ndipo pa kuuliza.

"Any problem?" meneja akauliza.

"No problem, sir," ulimi ukajibu, kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Kesho yake wafanyakazi wote arobaini na mmoja walisimama kati ya mashine zilizozimwa. Kamusi alifasiri vizuri, kwa sauti na kwa madoido. Alipofika aya ya nne akapunguza sauti, akaivuka kwa maneno machache.

"Shemeji," Mama Pasi akasema, akichungulia karatasi, "aya ndefu hivyo umeimaliza kwa pumzi moja? Pana nini hapo?"

"Ni hayohayo ya kuboresha, dada. Kazi inyooke, iende bila kukwama. Kama samaki anavyopita majini."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama Pasi akawa wa kwanza kutia sahihi, kwa herufi zake kubwakubwa. Wengine wakafuata kwa kuwa yeye ametia.

Miezi miwili baadaye ikaja mashine ndefu. Shuka bichi liliingia upande mmoja, likatoka upande wa pili limenyooshwa na kukunjwa. Wiki ileile zikagawiwa barua ishirini na tatu za kuachishwa kazi. Chumba cha pasi kiliondoka chote, mtu hakubaki. Jina la Kamusi halikuwamo. Yeye alifanywa msimamizi wa mashine.

Mama Pasi hakupiga kelele. Alivua aproni yake, akaikunja mara nne, akailaza juu ya meza. Kisha akamtazama shemeji yake.

"Kwa hiyo samaki tulikuwa sisi."

Jioni Kamusi alimweleza mkewe. "Neno lile sikulijua. Kumbe ni kupunguza watu."

"Hukulijua," mkewe akasema, akiendelea kuchambua mchele bila kuinua macho, "au ulijua kwamba hulijui?"

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini yeye alificha wake wakawa tasa wengine.

Hakukaa kimya kabisa, hilo aandikiwe. Alimwendea meneja, akamwambia alikuwa amefasiri vibaya na wenzake hawakujua walichokikubali. Meneja alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho, akasema sahihi ni sahihi. Kamusi akaenda ofisi ya serikali ya kazi na barua aliyoiandika kwa mkono wake, pamoja na nakala ya waraka. Karani akaupekua ule waraka mbele na nyuma. "Mkalimani yupi? Hapa hakuna jina la mkalimani." Akamrudishia barua yake. Kazi hakuiacha. Alikuwa na watoto watatu shuleni, na kila asubuhi aliiwasha ile mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Ulipita mwaka kabla hajathubutu kwenda kwa shemeji yake bila mkewe. Alimkuta ukumbini anapiga pasi mashati ya majirani, pasi ya mkaa, mgongo umeinama. Akakaribishwa vizuri, akamiminiwa chai. Wakaongea habari za watoto. Mezani palikuwa na barua ya shule ya mjukuu, imeandikwa kwa Kiingereza. Kamusi akanyoosha mkono.

"Lete nikusomee, dada."

Mama Pasi akaivuta taratibu, akaiweka chini ya rundo la mashati. "Acha tu, shemeji. Mjukuu akirudi atanisomea."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma. Hasira angeweza kuiomba radhi. Akasema, "Dada, siku ile—" na Mama Pasi akasema, "Kunywa chai, inapoa."

Akanywa. Alipoaga, Mama Pasi alitua pasi, akajifuta mikono, akamsindikiza mpaka mlango wa nje, akamshukuru kwa kuja. Kamusi alitembea na shukrani ile mpaka kwake. Zamani shemeji yake alikuwa hamsindikizi hata siku moja. Alikuwa akimpigia kelele tu kutoka ndani, afunge mlango vizuri, kuku wasiingie.