Mvinyo wa Kumwoshea Gligore

"Mpaka tone la mwisho, wifi? Mpaka tone la mwisho?"

"Tinca, usinipigie kelele nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako ni kwa kaka yangu! Na kaka yangu anafukuliwa leo, mifupa yake inangoja kuoshwa, na mvinyo wake umewanywesha watu wa basi!"

Tinca alikuwa amesimama katikati ya jiko, ameukumbatia mtungi mkubwa wa kioo kama mtoto aliyezirai, anautikisa. Ndani hamkuwa na kitu ila mashapo, tope la kahawia lililoganda chini. Wifi yake, Lixandra, alikaa kwenye kigoda karibu na tanuri, kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani. Mimi nilikuwa mezani nachambua ngano ya sadaka ya wafu, na kwa kuwa ni jirani tu na si ndugu, nilijifanya kiziwi. Uzee una raha zake. Ukijifanya kiziwi watu wanaamini.

"Bibi Safta," Tinca akanigeukia, "wewe ulikuwepo Jumamosi ile wageni walipokuja. Ulimwona akiwamiminia?"

"Mimi? Sikuona kitu. Nilikuwa naangalia ngano."

"Ngano ya leo ulianza kuiangalia Jumamosi?"

"Ina mawe mengi, mwanangu."

Akanitazama kama anavyotazamwa mbwa aliyekula soseji, akamrudia mwenzake.

Kabla hawajang'oana nywele, acha niwaambie Lixandra ni nani, maana ukimsikia Tinca peke yake utadhani ni mchawi.

Kilima chetu hapa juu ya mto Olt kina mteremko ambao kuku akitaga yai, yai huliwa kijiji cha chini. Ndiyo maana wale wa chini wamenenepa. Lixandra aliletwa huku bi harusi kwa mkokoteni wa ng'ombe, na ng'ombe walipofika nusu ya kilima wakakaa chini, wakagoma kabisa. Gligore, bwana harusi, akawafungua, akajitia nira shingoni mwenyewe, akauvuta mkokoteni na bi harusi na sanduku lake na mama mkwe juu ya sanduku, mpaka mlangoni. Wapo wanaosema alivuta sanduku tu. Hao walikuwa bado hawajazaliwa.

Mwanamume huyo hakuwa na maneno. Maneno yake aliyaweka kwenye mapipa. Majira ya mavuno, zabibu zikishakamuliwa na kuanza kuchemka, alikuwa analala ghalani chini ya nyumba, sikio ubavuni mwa pipa, na asubuhi anakueleza pipa limelalamika nini. Mwaka mmoja pipa lilimwambia kuna mwizi. Akaamka na fimbo, akamkuta padre. Padre wa zamani, si huyu wa sasa.

Mungu hakuwapa mtoto. Walikuwa na mizabibu, ile ya kale ya kwetu, na kazi yake haina mwisho: kupogoa theluji ikiwa bado imelala, kufunga matawi kwa vijiti laini vya kando ya mto, kulima, kupiga dawa, kubeba vikapu mgongoni kwenye mteremko ule ule unaomshinda ng'ombe. Lixandra alifanya yote hayo kwa mikono miwili midogo kama ya mtoto wa shule. Mzabibu mkubwa kwao ulikuwa Crâmpoșie. Huo ni wa kike, na hauwezi upweke. Ukiupanda peke yake unachanua vizuri, halafu maua yote yanadondoka. Lazima uuchanganyie mizabibu mingine, Gordan na Braghină, pembeni, ndipo uzae. Basi Gligore aliipanda yote pamoja, akaivuna pamoja, akaikamua pamoja, na mvinyo wake haukuwa na jina.

Lixandra alikuwa na jina lake. Aliuita siki.

Kila mwaka Gligore humletea kikombe cha kwanza. Yeye hukigusa kwa ncha ya ulimi, anakunja uso kama aliyeng'ata limau, anasema, "Gligore, siki yako imeiva." Naye anacheka kwa pua, "Siki hii ndiyo inakununulia viatu." Mwaka hadi mwaka, hivyo hivyo. Watu wengine huitana mpenzi.

Alipolala kitanda cha mwisho alimwita mkewe karibu, nami nikiwa pale nimeshika bakuli la supu. Akamwambia: "Ule mtungi wa pembeni usiuguse. Miaka saba ikitimia, unioshe kwa huo. Na usithubutu kuniosha kwa chotara cha Marin."

Marin ni mume wa Tinca. Ana mizabibu chotara nyuma ya zizi, ile isiyotaka dawa wala jembe, na mvinyo wake unanuka mbwa aliyenyeshewa. Nzi akitumbukia humo hafi, anatoka ameoa. Gligore alisema hata viatu vyake havioshi kwa kile kitu, na Marin alilisikia neno hilo, na tangu hapo hawakusalimiana.

Basi kwetu miaka saba ikitimia mtu hufukuliwa. Mifupa huoshwa kwa mvinyo, hufungwa kitambaa cheupe, padre huisomea, ikarudi chini. Ndipo aliyekufa anapumzika na aliyebaki anapumzika. Lixandra aliungoja mwaka wa saba kama wengine wanavyongoja harusi. Mizabibu ilikuwa imekwisha. Baridi ya mwaka wa pili wa ujane wake ilikuwa kali mpaka kengele ya kanisa ikakohoa, nusu ya mizabibu ikakauka, na nusu iliyobaki hakuwa na nguvu ya kuipanda kilima kuihudumia. Akakodisha shamba. Waliokodi wakang'oa yote, wakapanda upya kwa mistari iliyonyooka kama meno ya kununua. Kitu cha Gligore kilichobaki duniani kikawa mtungi ule.

Ili apate cha kula, Lixandra akaanza kupikia wageni. Siku hizi kuna watu, sijui mnawajua, wanaozunguka vilima vyetu kwa basi dogo kutoka ghala hili hadi ghala lile wakionja mvinyo wa kienyeji. Hawakai arusini wala matangani, wanaonja tu. Wakichoka hushuka kwa Lixandra, chini ya mti wa jozi, wanakula nyama iliyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, na ugali wa njano, na jibini.

Jumamosi ile lilikuja kundi la watu kama kumi. Mkubwa wao alikuwa daktari wa meno kutoka Craiova, mfupi, mnene, jina lake Octavian. Walikuja na chupa za huko walikotoka wakaendelea kuonja mezani. Wanazungusha glasi, wananusa, wanasukutua, halafu wanatema kwenye ndoo.

Lixandra akatoka jikoni na sufuria, akaona. "Umeharibika?"

"Hapana, mama, ni mzuri sana," akasema daktari.

"Mbona mnautema?"

"Tusipotema tutalewa."

"Na mlikuja kufanya nini?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Daktari akafuta machozi, akamwuliza, "Mama Lixandra, huko kote tumeonja mvinyo safi, safi kama hospitali. Wewe huna chako?"

Angesema hana. Alikuwa amewaambia hivyo wengi. Siku ile sijui nini kilimgusa. Akasema, "Ipo siki ya mume wangu."

Nikamfuata mpaka mlango wa ghala. Nikamwambia, "Lixandra, ule si ule?"

"Jagi moja tu, Bibi. Mtungi ni mkubwa. Mifupa ya mtu mmoja itamaliza mtungi mzima?"

Akapanda na jagi. Akawamiminia. Wakazungusha, wakanusa, wakatia mdomoni, nami nikawa naitazama ndoo.

Hakuna aliyetema.

Nyinyi mnanijua. Mimi nikisimulia huongeza chumvi, na pilipili nikiiona. Hapa siongezi. Meza ile ilinyamaza, ukasikia nyuki kwenye jibini. Yule daktari akavua miwani.

"Nani ametengeneza hii?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi nimshike mkono?"

Na Lixandra, bila kupepesa, akasema, "Yuko shambani. Atarudi."

Hapo ndipo walipoanza. Mmoja akasema unanuka majani makavu yaliyonyeshewa. Mwingine akasema, huyu mzee ni mtu mwenye subira, hana haraka na kitu. Msichana mmoja mwenye nywele fupi akasema, mtu huyu mkono wake mwepesi, hakulazimisha chochote. Kila mmoja na lake, na yote wanayasema kana kwamba Gligore yuko juu ya kilima anakoleza kiko. Glasi zilipoisha wakanyamaza. Lixandra akashuka tena ghalani.

Akarudi na jagi. Wakasema tena. Akashuka tena. Mara ya nne alikuwa anapanda ngazi akishikilia ukuta, nikamshika mkono wa gauni, "We mwanamke, basi!" Akanitazama kama hanijui, akaupita mkono wangu. Alikuwa anasimama nyuma ya viti vyao na jagi kifuani, na mtu akimaliza kusema jambo zuri yeye anamwinamia, anasema, "Ulisemaje? Sema tena."

Mwishoni daktari akamwambia, "Mama, wewe una bahati. Mwenzetu unakunywa hii kila siku."

Akajibu, "Ndiyo."

Basi likaondoka. Daktari alitoa kichwa dirishani: "Msalimie mzee!"

"Nitamsalimia."

Sasa rudini nami jikoni. Tinca ameweka mtungi sakafuni, ametoa chupa kwenye kikapu chake, ameipiga mezani mpaka ngano yangu ikaruka.

"Hii hapa. Ya Marin. Ndiyo iliyopo, ndiyo itakayomwosha."

"Hapana," akasema Lixandra.

"Hapana nini? Wachimbaji wameanza tangu alfajiri. Unataka kaka yangu arudi chini na udongo machoni?"

"Nitatia maji ya kisima kwenye mashapo. Nitamwosha kwa hayo."

"Kwa tope?"

"Ni tope lake."

"Bibi Safta, msikie huyu! Kijiji kizima kitasimama pale, na sisi tunamwosha mtu kwa tope!"

Nilisema kati ya chotara cha Marin na tope, mimi ningekuwa mfupa ningechagua tope. Tinca akaniambia nichambue ngano, si maneno. Nikarudi kwenye ukiziwi.

Akamwinamia wifi yake. Sauti ilikuwa imeshuka, na Tinca akishusha sauti ni mbaya zaidi. "Niambie tu kwa nini. Sisemi tena kitu. Ulilewa?"

"Sikunywa."

"Hata glasi moja?"

"Nilikuwa namimina."

"Mvinyo wa mwisho wa kaka yangu, mwenyewe hukuonja?"

Lixandra akaanza kukunja pindo la aproni, anakunja, anakunjua. "Ladha yake siijui, Tinca. Miaka yote ile niligusa kwa ulimi nikakunja uso. Ulikuwa utani. Nikadhani una mwisho, ipo siku nitameza, nitamwambia. Halafu akaja yule daktari na wenzake, watu hata kijiji hiki hawawezi kukitaja jina. Mmoja akasema neno. Nikafikiri, hilo lilikuwa langu. Mwingine akasema neno. Hilo nalo langu. Nilipaswa kuyasema mimi, kwenye meza hii, naye akiwa pale alipokaa Bibi Safta. Yote wakayasema wao kwa saa moja. Nikawa namimina ili wasinyamaze."

Tinca alivuta kiti. Hakukaa vizuri, alikaa pembeni kama mtu anayengoja kuitwa.

"Alijua unatania," akasema.

"Unajua hilo, au unanionea huruma?"

"Wifi..."

"Nakuuliza, Tinca. Wewe ni damu yake. Alikuwa hasemi na mimi, pengine alisema na wewe. Alikuwa anajua? Au kila mwaka anapanda ngazi zile na kikombe akidhani safari hii nitameza?"

Nikaacha ngano. Tinca alitazama chupa ya mumewe, akatazama mtungi, akajipangusa mdomo kwa kiganja. Namjua Tinca tangu anatambaa. Ana uongo wa kila aina, wa sokoni, wa kanisani, wa mumewe. Uso ule haukuwa na hata mmoja.

"Kuna mara moja aliniambia kuhusu hiyo siki," akasema taratibu. "Mwaka ule wa mvua ya mawe. Tumekaa kizingitini, mimi na yeye, wewe umekwenda kisimani. Aliniambia—"

Mlango ukasukumwa. Aliingia Pantelimon, mchimba makaburi, kofia mkononi, udongo umempanda mpaka viwikoni. Hakutazama mtu.

"Tumemfikia," alisema. "Padre anauliza mvinyo."