Shimo Moja, Miche Mitatu

Fundi cherehani anazunguka uani na tepu shingoni, akilipima tena shimo lake moja kana kwamba litapanuka. Kati ya miche mitatu, hajui ashike upi aache upi. Kifungua mimba wake alipenda maembe, kitinda mimba mapera, na yule wa katikati, mwepesi wa kununa, maparachichi. Wote walishahama, lakini lawama haziogopi umbali. Anainua mche, anaguna, anaurudisha.

Muuza miche amechoka kusubiri. "Mama, panda unaoupenda wewe. Unapenda tunda gani?"

Mikono inayokata kitambaa bila kusita inabaki hewani. Anafikiri mpaka jasho linamtoka.

"Sijui, mwanangu," anasema. "Embe nilikuwa nafyonza kokwa. Mapera nilikula yaliyobonyea."