Subi, Ulirudisha Mchele wa Mama Yangu

Mpaka sasa siamini. Subi, umekufa tukiwa hatuongei. Ulikuwa na haraka gani?

Na nyie msiniandikie "pole kwa kumpoteza rafiki" kwenye comments. Miezi minne hatukusalimiana, na meza zetu zimetenganishwa na printer tu.

Kwa msiomjua: Subilaga, nilikuwa naye ofisi moja ya ushirika wa kakao hapa Kyela. Mjuaji. Mkaidi. Ukimwambia kitu hakiwezekani, umeshampa kazi.

Mwaka huu akaliona kwenye simu bakuli la Kijapani, wenyewe wanaliita gyudon. Wali chini, juu nyama ya ng'ombe iliyochemshwa na vitunguu, tangawizi, sukari kidogo na soya sosi. Basi tukakoma.

Alimwambia kaka wa bucha pale Mbugani amkatie nyama nyembamba kama karatasi. Yule kaka akamuuliza, "Dada, unapika au unafungia maandazi?"

Akaamua kuikata mwenyewe. Nyama aliigandisha kwanza kwenye friji ya ofisi ili ikatike vizuri. Boss kafungua atafute maji ya kikao, kakutana na paja la ng'ombe. Jamani!

Soya sosi iliagizwa Mbeya, ikaja na basi. Mchele nikasema huo niachie mimi.

Nikamletea mchele wa mama yangu, wa kijijini kwetu Mwaya, grade one, ule ukipikwa mtaa mzima unajua. Wiki iliyofuata akaurudisha. Mbele ya watu, saa ya lunch!

"Mchele wa mama ni mzuri sana, ila unachambuka," alisema. "Huu wali unatakiwa ushikane. Mwambie anipe chenga."

Chenga! Watu wa Kyela mnanielewa. Zile punje zilizovunjika mashineni, sisi tunawapa kuku. Unamrudishia mtu wa Mwaya mchele wake, halafu unamwomba chakula cha kuku, na unakwenda kukipika bila mafuta wala chumvi?

Nikamjibu kwamba mama yangu halimii kuku. Nikabeba mfuko wangu, nikanuna.

Kila Ijumaa alileta bakuli kutoka kwake, akaliweka mezani kwangu limefunikwa na sahani. Kila Ijumaa nikalirudisha mezani kwake bila kufunua. Nilijiona nimeshinda.

Jumatatu ukaugua. Alhamisi tukapigiwa simu. Ijumaa meza yangu ilikuwa tupu, nikakuchukia kweli kweli.

Msibani kila mtu alikuja na chake, ndizi, maharage, mchele. Mama yangu akatokea na ndoo mkononi. Nikaichungulia. Chenga tupu.

"Mama, unaleta chenga msibani? Unataka watucheke?"

"Ni zake hizi," mama akasema. "Alikuwa anazifuata Mwaya kila mwezi. Hizi hakuwahi kuzichukua."

"Alianza kuja lini?"

"Wiki ile ile mliyogombana. Alikuja akapiga magoti, akaniomba radhi, halafu akaingia jikoni kwangu akanipikia. Nikala nikamwambia ndaga fijo, asante sana mwanangu, nipikie tena."

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Mama aliweka ndoo chini kwanza.

"Alinikataza. Alisema, 'Mwache, Mama, asilazimishwe. Atakuja mwenyewe akisikia njaa.'"

Subi, mshenzi wewe. Mama yangu umemwomba radhi, umempikia, mmecheka wote jikoni kwetu. Mimi ukaniacha ninune peke yangu miezi minne kwa ugomvi ambao mwenyewe aliyetukanwa alishausahau!

Na mimi nilikuwa mjinga, niseme tu. Kufunua sahani kungenichukua sekunde moja.

Jana nimechota kikombe cha chenga zako, nimepika. Nyama yangu ilikuwa na vipande vinene, vitunguu vimeungua kidogo. Hakuna mafuta, hakuna chumvi kwenye wali, kama ulivyotaka.

Umeshikana. Kijiko kimoja kinabeba wali, nyama na mchuzi wake. Ulikuwa sahihi, na inaniuma kuandika hivyo.

Nimelimaliza bakuli nikiwa nimenuna. Sijakusamehe, usijidanganye.

Lakini njaa nimeisikia, Subi. Nimekuja, na wewe hupo.

Lala salama huko, mkaidi wangu. Ijumaa nitakuwekea bakuli mezani kwako, na safari hii usilirudishe.