Samadi ya Siri

Nilizaliwa Kibirichia, kwenye udongo mweusi unaootesha hata kiazi ulichokitupa. Kwa hiyo siku ya kwanza niliyofika kwenye nyanda kavu za Mbeere nikapiga jembe, nilidhani nimegonga mwamba. Mkono wote ulikufa ganzi. Mwenye shamba, bibi mjane ambaye kila mtu alimwita shosho na aliyekubali tufanyie utafiti kwake, alicheka mpaka akakaa chini.

"Huku ardhi hubembelezwa, mwanangu. Haipigwi."

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo mjini Embu. Kazi niliyopewa na mwalimu wangu ilikuwa rahisi: kugawa shamba vipande vitatu na kupanda mtama. Cha kwanza kilichimbwa mashimo ya kushika maji, yakajazwa samadi. Cha pili kilimwagiwa samadi juu tu. Cha tatu hakikupewa kitu, ili tuwe na cha kulinganisha.

"Hiki cha tatu kisiguswe, shosho."

"Kisiguswe," akaitikia.

Mvua ya Oktoba ilinyesha siku chache, ikaota mbawa. Kila Jumanne nilikuja na rula na daftari. Kipande cha kwanza kilistawi, nikafurahi. Cha pili kilinyong'onyea. Lakini cha tatu, kile cha njaa, kilikuwa kibichi kuliko cha pili! Nikapima tena. Nikakagua vibao, labda nilivichanganya. Wiki tatu nilikosa raha. Mwishowe nikafukua shina moja, na chini yake nikakuta mavi ya mbuzi, yamefunikwa vizuri kwa nyasi kavu na udongo kidogo juu yake.

Shosho alikuwa akichuma majani ya kunde.

"Shosho, kuna mtu ametia samadi kwenye kile kipande."

"Ni mimi," akasema, wala hakuinua macho.

"Lakini tulikubaliana!"

"Tulikubaliana kabla hakijaanza kunyauka. Hebu niambie. Mama ana watoto watatu. Awapakulie wawili, wa tatu amwambie, wewe kaa hapo tuone utakonda vipi? Na Jumapili niende kanisani?"

Nilitaka kukasirika. Msimu mzima ulikuwa umeharibika. Badala yake kicheko kikanitoka, naye akacheka, tukashindwa kunyamaza.

Njiani kurudi Embu kicheko kilikauka. Nilimpigia mwalimu simu nikamweleza yote, nikingoja kuambiwa nianze upya. Akasema atakuja mwenyewe.

Alikuja Ijumaa. Shosho akamkaribisha kwa uji, akampeleka shambani bila woga. Mwalimu alichuchumaa, akafunua nyasi, akashika udongo. Ulikuwa na unyevu, na mvua ilikwisha siku nyingi.

"Nani alikufundisha kufunika?" akauliza.

"Mbuzi wangu. Pale wanapobakiza nyasi zao, ukifukua unakuta chini hapajakauka. Nyinyi mlimwaga samadi juu, jua likaila. Mimi nimetia gao moja, kiganja kimoja tu, kila shina, nikaifunika."

Mwalimu akanigeukia. "Andika."

Nikaandika mpaka kalamu ikaisha wino, nikaazima ya kwake.

Msimu uliofuata tulikuwa na vipande vinne. Cha nne kilipandwa kwa njia ya shosho, na kibao chake kiliandikwa hivyo hivyo: Njia ya Shosho. Kile kisichopewa kitu tulikihamishia kwenye ardhi ya kanisa, ng'ambo ya korongo, ambako asingekiona akakihurumia.

Wakati wa mavuno majirani walikuja kuona. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza, hata michoro nilikuwa nayo. Walinisalimia kwa heshima, wakanipita, wakaenda kumzunguka shosho. Yeye alikuwa amesimama katikati ya mtama, amefunga leso kiunoni, akiwaonyesha kwa kiganja samadi inayotosha shina moja.

"Wewe mama, hiyo ni nyingi!" shosho alimfokea jirani mmoja aliyechota kwa mikono miwili. "Unalisha mtama au unazika mtu?"

Wakaangua kicheko, nami nikaweka michoro yangu chini, nikaenda kuchota samadi.