Nilitumwa Wuhan kumrudisha binti yangu, nikarudi Hjulsta peke yangu

Wakuu, habari za huko mliko. Mzee wenu niko Hjulsta, Stockholm, kituo cha mwisho cha treni ya bluu. Ukisinzia kwenye treni utanikuta.

Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Mke wangu husoma humu kimyakimya, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya siwezi.

Shule yangu iliishia darasa la nne, maandishi mtavumilia.

Nina binti, kitinda mimba wangu, Zawadi. Kazaliwa hapa hapa Stockholm. Nilimsemesha Kiswahili tangu yuko mgongoni kwa mama yake, naye akawa ananijibu Kiswidi. Nikisema, "Zawadi, niletee chumvi," analeta, anasema, "Varsågod, pappa." Chumvi imefika, Kiswahili hakijafika. Wenye watoto ughaibuni mnanielewa.

Alikuwa anasoma chuo cha Flemingsberg, jirani na ile hospitali kubwa. Mimi kule nilifua mashuka mpaka nikastaafu. Mashine za kule ni kubwa kama chumba cha kulala, mtu anaweza kuingia na kiti chake. Lakini tuache hayo.

Akaenda Wuhan, China, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, mwaka mmoja tu. Mwaka ukaisha, akaongeza mwingine. Huo nao ukaisha, akasema anataka kumalizia masomo huko huko.

Mama Zawadi akanikalisha sebuleni. "Baba Zawadi, nenda kamchukue. Usirudi peke yako."

Namuelewa. Watoto wakubwa wameshatawanyika, mmoja yuko Kanada, mwingine anapiga simu sikukuu tu. Zawadi akibakia China, nyumba inabaki na sisi wawili na televisheni.

Nikasema hakuna shida, mimi safari haijawahi kunitisha. Nikapanda ndege.

Sasa sikilizeni. Mimi nilidhani nimeshaona mji.

Wakuu, mtaa ule wa nje ya geti la chuo sijui niueleze vipi. Wanafunzi wamejaa kama siku ya mnada. Duka la fotokopi, duka la kioo cha simu, la vitabu, la chai ya maziwa yenye vidonge vyeusi vya kutafuna. Mishikaki, viazi, mahindi. Pikipiki za umeme hazina mlio, zinakujia nyuma kama paka. Kila mtu analipa kwa simu, mpaka bibi anayeuza vitunguu.

Jioni akina mama wa rika langu wanajipanga mistari uwanjani, wanafungulia spika, wanacheza. Hawajalewa, na wala hakuna harusi. Wanacheza tu. Huku Hjulsta ukikaa kwenye benchi karibu na mtu, anahama. Kule nilisimama pembeni nikavutwa mkono. Nikacheza mstari wa nyuma mpaka goti likanikumbusha umri.

Nilitaka kuwaambia nini? Ndiyo, tambi.

Zawadi anakaa bweni, wageni hawaruhusiwi kulala. Akanitafutia chumba kwenye nyumba ndogo ya wageni pale pale mtaani. Chini yake kuna duka la tambi la mama mmoja mnene, mcheshi, umri kama wangu. Asubuhi ya kwanza akaniwekea bakuli. Tambi kavu za moto, zimechanganywa na ufuta uliosagwa na pilipili. Nikala. Nikatoa hela. Akaushika mkono wangu, akaurudisha mfukoni.

Kesho yake vile vile.

Mimi nikajua ni punguzo la wazee. Huku Stockholm mstaafu ana punguzo kwenye treni, makumbusho, mpaka kinyozi. Nikasema Wachina wamewapita Waswidi, wao wanatoa bure kabisa. Nikawa naomba na bakuli la pili.

Nikampigia mke wangu. "Mama Zawadi, huku wazee wanakula bure."

"Umekwenda kula au umekwenda kuchukua mtoto?"

Jambo jingine lililonifurahisha, Zawadi alikuwa anaongea Kiswahili. Ananiuliza, "Papa, uko nasikia njala?" Mimi machozi yalinilengalenga. Nikasema, kumbe ilibidi mtoto aende China ndipo anisemeshe. Kwamba hicho Kiswahili ni cha Kongo kabisa, wala sikujiuliza kakitoa wapi. Furaha inaziba masikio.

Nikamwambia afunge mizigo. Akasema, "Baba, ngoja Jumapili. Kuna mtu anataka kukusalimia."

Jumapili nikashuka. Duka la tambi limefungwa, ndani meza imefutwa, kuna chai na sahani ya machungwa. Yule mama amevaa koti jekundu, nywele amezichana vizuri. Pembeni yake kijana mrefu mweusi, ndani ya suti, amekaa kama yuko kwenye usaili. Zawadi akanionyesha kiti, akakaa katikati yetu.

"Huyu ni Baraka," akasema. "Wa Bukavu. Anasomea ujenzi wa madaraja."

Kijana akasimama, akainamisha kichwa, akakaa.

Mama wa tambi akaanza kuongea Kichina. Akaongea, akaongea, mkono kifuani, mkono kwangu.

"Anasema nini?" nikamuuliza Zawadi.

Zawadi anaangalia meza. "Anasema... ana kijana wake."

"Enhe."

"Kijana ameona ua kwenye nyumba yako."

"Nyumba ipi? Ile ya Hjulsta?"

"Pappa, snälla," akanisihi kwa Kiswidi.

Hapo ndipo nikaamka. Wakuu, ile ilikuwa posa. Posa yenyewe kabisa, na binti yangu ndiye mkalimani wa posa yake mwenyewe. Kwetu binti huwa yuko chumba cha ndani, anachungulia kwenye pazia. Huyu kakaa katikati ananitafsiria.

Nikasema simama hapo, nielezeni moja moja.

Ikawa hivi. Baraka anamtaka Zawadi, na alitaka kufuata utaratibu. Lakini Wuhan wenzake wote ni vijana, hakuna mzee hata mmoja wa kumtuma. Wazee wake wako Bukavu na safari hawaiwezi. Akamwendea yule mama, maana ndiye aliyemlisha tangu afike, hajui hata kusema maji kwa Kichina. Mama hakucheka. Akasema kwao pia ipo kazi hiyo, na shangazi yake aliifanya maisha yote. Akasema vilevile kwamba baba wa binti haendewi na maneno matupu, kwanza analishwa.

Nikamtazama Zawadi. "Kwa hiyo zile tambi?"

"Alisema baba akila kwa raha, tutasema naye. Akisusa, tunyamaze."

"Na mimi nilikuwa naongeza."

"Ulikuwa unaongeza, baba."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa kupata pa kuanzia. Nikamgeukia kijana. "Wewe huna mdomo? Sema mwenyewe."

Akamwangalia yule mama kwanza. Halafu akasema taratibu, "Papa, miye siwezi kusema. Niko na mshenga."

Wakongo mnisamehe, nilikuwa na maneno yangu juu yenu, na Jumapili ile yaliisha. Huyu kijana yuko mbali na kila mtu wa kwao, hakuna wa kumkagua, na bado anajua hapaswi kujisemea.

Nikampa jibu mshenga, si yeye. "Mwambie nimesikia. Jibu liko kwa Mama Zawadi."

Zawadi akatafsiri. Mama wa tambi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetegemea hilo hilo, akaenda kuwasha jiko. Bakuli likaja. Nikalisukuma kidogo. Kisha nikala.

Nikarudi Stockholm. Mama Zawadi akafungua mlango, akaangalia nyuma yangu kwenye ngazi.

"Yuko wapi?"

Nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemuuza mtoto kwa tambi," akasema, akaingia chumbani.

Nyumba ikawa na baridi ambayo hita haiiwezi. Mpaka siku mshenga alipopiga mwenyewe, simu ya picha, Zawadi yuko begani kwake tayari kutafsiri. Mke wangu akamwambia Zawadi, "Wewe toka. Haya si mambo yako."

Mtoto akatoka. Wakabaki wawili, mmoja Kichina, mmoja Kiswahili. Nikajua wataagana baada ya salamu. Wapi. Mama Zawadi akamtembeza nyumba nzima, akamwonyesha picha ya Zawadi hana meno ya mbele. Yule naye akaonyesha masufuria yake, akaonyesha kiti ambacho Zawadi hukalia, akakipigapiga kwa mkono. Wakafuta machozi, kila mtu upande wake.

Simu ikakatwa. Mke wangu akaenda jikoni. Nikasikia anafungua makabati.

"Baba Zawadi," akaita, "huo ufuta wanaukaanga kwanza, au wanausaga mbichi?"

Nikajua jibu limeshatoka.

Zawadi atamaliza masomo huko. Harusi itakuwa hapa Hjulsta, na sharti la mama yake ni moja, mshenga aje mwenyewe. Kitanda chake kimeshatandikwa.

Nilichojifunza, wazazi wenzangu wa ughaibuni, tunalia kwamba watoto wameacha mila. Wengine wamezishika, ila wamekosa mtu wa kuwasimamia. Na ukipewa chakula cha bure ugenini, uliza kwanza.

Mliooa mbali na kwenu, mshenga wenu alikuwa nani? Semeni hapo chini, nasoma yote. Na Mama Zawadi naye anasoma.