Wahandisi Tuliowapeleka Kibuyuni

"Mtu akikwambia programu yako ni nzuri, utajuaje kwamba anasema kweli?"

Mkurugenzi aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa hata meza yangu. Ofisi ilikuwa Ukunda, chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimezoea kubisha kila jambo hadi wahadhiri wakanichoka, lakini swali hilo nililiona jepesi. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amenipeleka Kibuyuni, kijiji cha ufukweni, kunywa chai na akina mama wanaolima mwani. Nilidhani ni matembezi.

Sasa ninaondoka, na ninyi mnaorithi kazi ya kuajiri wahandisi mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tukiwachagua.

Programu yetu ya simu ilikuwa ya akina mama hao. Mwani ukishakauka, kila mmoja alitakiwa kuandika kilo alizo nazo, nasi tujue kama mzigo unatosha kuita lori la mnunuzi. Msimbo, yaani maagizo yanayoiongoza simu, niliuandika mimi. Nikaongeza orodha ya majina, aliyevuna zaidi akiwa juu, nikiamini itawatia ari.

Kilo hazikuandikwa. Lori lilikuja kwa kubahatisha, likarudi nusu tupu, na mnunuzi akasema likirudi hivyo tena, hatakuja. Bila yeye, akina mama wangerudi kwa madalali, nasi tungefunga ofisi. Nikamwendea mwenyekiti wao, Mama Mwanakombo.

"Shikamoo, mama. Programu inawafaa?"

"Marahaba, mwanangu. Yafaa sana. Mola akuzidishie."

"Na kilo mtaandika?"

"Inshallah."

Nikarudi Ukunda nimefurahi.

Mkurugenzi hakufurahi. Alitaka mhandisi wa pili, "anayemfikiria mtumiaji kabla ya kugusa kompyuta." Nikatunga mtihani mgumu. Akaukubali, ila akaongeza kwamba atakayefaulu aende Kibuyuni akanywe chai.

"Chai inapima nini? Mimi niliinywa, sikuona kipimo."

"Wapeleke tu."

Wa kwanza alikuwa kijana wa Msambweni, kwetu, aliyeupita mtihani kuliko wote. Aliamkia kila mtu, akauliza kama nilivyouliza, akapewa inshallah yake, akaaga vizuri. Moyoni nilishamwajiri. Wa pili, Barasa, alitoka bara. Hakuamkia mtu.

"Mathe, hii kitu mnatumianga kweli?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Twaitumia, mwanangu," akasema Mama Mwanakombo.

"Nionyeshe basi."

"Simu imezima."

"Niko na chaja."

Akina mama wenzake wakaangua kicheko. "Leo umepatikana, Mwanakombo!"

"King'ang'anizi kama kupe huyu," akasema Mama Mwanakombo, naye akicheka.

Barasa akavua viatu, akakaa mkekani, akajaribu kufunga vipande vya mwani kwenye kamba kama wao. Alifunga vibaya, wakafungua, akafunga tena. Aliuliza, akachekwa, akauliza tena. Chai ya pili ilipomiminwa, Mama Mwanakombo akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, nani atajitangazia chumo lake mbele ya wenziwe? Ukiwa juu wajitafutia kijicho, ukiwa chini wajiaibisha. Sisi twaanika pamoja, twauza pamoja. Tuulizeni la kikundi, tutawaambia."

Nami nilizaliwa Msambweni! Mama yangu hakuruhusu hata kuku wetu wahesabiwe mbele ya mgeni.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuja na heshima zako. Ningekuvunjaje moyo?"

Barasa aliajiriwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuifuta orodha yangu na kuweka nafasi moja tu, ya jumla ya kikundi. Jioni ile ile ikajazwa. Lori lililofuata liliondoka limejaa hadi magunia mengine yakabaki yakilisubiri lirudi.

Tangu hapo nimewapeleka wengi Kibuyuni, na bado nina shaka zangu. Pengine chai ile inawapendelea wakorofi. Yule kijana wa Msambweni angeweza kufundishwa, kama nilivyofundishwa mimi, na sijui kwa nini sikumtetea zaidi. Basi msiifanye desturi ya kufuatwa kwa macho yaliyofumbwa. Ihojini nayo.

Juzi nilikwenda kuwaaga akina mama. Mama Mwanakombo alinipa sabuni za mwani alizozitengeneza mwenyewe, akanishika mkono, hakuuachia. Ndipo aliponieleza kwamba kila baada ya chai, tangu mwanzo, Mkurugenzi alikuwa akimpigia simu kumuuliza juu ya mgeni aliyepelekwa. Aliulizwa juu ya Barasa. Kabla yake, aliulizwa juu yangu.

"Ukasemaje, mama?"

"Nilimwambia asikuchukue. Una adabu mno, hutatuuliza mara ya pili. Akanijibu, 'Huyu abishana na kila mtu, mama. Ipo siku atakubishia na wewe. Mngojee.'"

Akanifinya mkono.

"Basi nikakungojea uniulize tena."