Upana wa Kibaraza

Ikupa wa kijiji cha Lupepo alikuwa mpole mpaka umguse pabaya. Mwanawe, Ackson, alimgusa hapo hapo, mwaka ule simu za mkononi zilipoanza kushika mtandao Tukuyu.

Ackson alikuwa Dar es Salaam akiuza simu hizo hizo, na mambo yalikuwa yamemnyookea. Akaamua kumjengea mama yake nyumba, na kwa hilo hakuna wa kumnyima sifa. Lakini ramani aliyoituma! Madirisha ya nondo, sebule ya televisheni, na mbele, badala ya kibaraza, ukuta mrefu wenye geti. Ramani ya mtu anayeogopa watu. Tena Rungwe, ambako mvua haijui likizo, na anayenyeshewa njiani hukimbilia kibaraza cha karibu bila hata kupiga hodi.

Nyumba ilipokwisha kuezekwa, fundi Asajile alikuja asubuhi kuanza ukuta. Akamkuta Ikupa ameketi juu ya rundo la matofali, beseni la ndizi mapajani, anamenya.

"Mama, nipishe kidogo nifanye kazi."

"Fanya. Haya ni matofali ya kibaraza."

"Lakini Ackson kasema ukuta."

"Ackson nimemzaa mimi, au mimi nimezaliwa naye?"

Asajile akacheka, akaenda Tukuyu kumpigia Ackson simu. Kesho yake Ikupa alikuwa pale pale juu ya matofali, na keshokutwa yake vilevile, sasa majirani wakimsaidia kumenya.

Ackson akapanda basi. Alifika amevimba, simu mkononi.

"Mama, unanitia aibu. Siku hizi watu hawashindi vibarazani. Mtu akikuhitaji, anakupigia."

Ikupa hakuweka kisu chini. "Baba yako alipofariki, mvua ilinyesha msiba mzima. Watu walikaa wapi?"

Ackson alikumbuka vizuri: walikaa kwenye kibaraza cha nyumba ya zamani, wamebanana kuzunguka jeneza, wanaume wa nje kabisa wakichuruzikiwa na maji ya bati. Hakuna aliyekwenda zake. Nyumba hiyo ndiyo aliyoibomoa ili ajenge hii.

"Na jirani yako wa huko Dar, wa nyuma ya ukuta wako, anaitwa nani?"

Ackson akaitazama simu, labda jina lingekuwa humo. Majirani wakainamia ndizi zao wasije wakamcheka usoni.

"Ana gari jeupe," akasema mwishowe.

"Basi huyo mwenye gari jeupe ndiye atakayekuzika?" Ikupa akakichomeka kisu kwenye ndizi. "Simu yako siikatai, niachie, nitaipokea. Lakini kufungiwa kama kuku sitaki. Hawa ndio watakaonibeba, na nataka wakae pakavu. Ukitaka ukuta, jenga. Mimi nitahamia barabarani."

Ackson aliona aibu, na haikuwa ile aliyokuja nayo. Akaitia simu mfukoni, akamgeukia Asajile aliyekuwa akingoja kando.

"Fundi, kibaraza kiwe na upana gani?"

Ikupa alimwahi Asajile kujibu. Alisimama, akakung'uta vumbi la matofali kwenye kitenge chake, akapisha.

"Jeneza langu likae katikati," akasema, "na watu wapite pande zote mbili."